Ua la Kitani Kwenye Kola

Mwaka ule serikali ya Mrusi aliyetutawala ilipopiga marufuku nguo nyeusi za maombolezo, wanawake wa mji wetu wa Zawilcze hawakuzitupa zao. Walikaa madirishani mchana kweupe, wakachomoa nyuzi kwenye magauni, wakazizungusha kwenye vijiti na kumpelekea Petronela Skiba. Askari aliyepita na kuchungulia aliona wanawake wanafumua nguo walizokatazwa, akaenda zake ameridhika. Hakuna amri iliyosema kwamba uzi mweusi nao ni kosa.

Petronela alikuwa mjane wa seremala na mtarizi wa kanisa. Mavazi ya padri yalipita mikononi mwake, na bendera za maandamano ya kanisa, na shela za maharusi wa vijiji vyote vya jirani. Hata kipofu angeitambua kazi yake kwa kuipapasa. Alikuwa na binti, Marcjanna, na mwana mmoja, Hilary, aliyerithi randa na msumeno wa baba yake. Hilary aliingia msituni na wenzake katika baridi ya mwaka wa elfu moja mia nane sitini na tatu, kupigana na Mrusi kwa miundu ya kukatia nyasi na bunduki za kuwindia bata. Walipigana zaidi ya mwaka. Walishindwa, bila shaka. Tungeshinda, nyuzi zingebaki magaunini.

Kazi yenyewe ilianza na nondo. Kwetu, siku za mwisho za Kwaresima, msalaba mkubwa wa altareni hufunikwa kwa pazia la zambarau mpaka Ijumaa Kuu, na pazia la zamani lilikuwa limeliwa na nondo hadi likaonyesha goti la Bwana Yesu. Padri Onufry akamwita Petronela sakristia, chumba cha mavazi ya ibada.

“Nataka zambarau tupu, Bibi Petronela. Nakshi usiweke. Siku hizi kila nakshi ina macho ya askari juu yake.”

“Na bitana, Padri?”

“Bitana inamtazama Bwana Yesu, hainitazami mimi.” Padri akaanza kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. “Sijawahi kukagua bitana ya kitu chochote maishani mwangu.”

Petronela akarudi nyumbani, akatoa sandukuni shuka mbili za kitani alizoolewa nazo, akaziunganisha ziwe bitana, akaketi dirishani. Kwenye kitambaa kile akatarizi mambo yaliyotupata. Alitarizi barabara ya theluji na wanaume wamefungwa minyororo wawili wawili, wakienda Siberia. Akatarizi nyumba iliyochomwa, imebaki bomba la jiko limesimama peke yake. Akatarizi mti wa kunyongea, mdogo tu, kwa sababu hakupenda kuutazama. Kila mwanamume alishonwa kwa uzi wa gauni la mwanamke wake mwenyewe. Kwa hiyo weusi wenyewe haukuwa mmoja: mwingine ulikuwa umepauka, mwingine una kijani kwa mbali, mwingine mpya kabisa.

Wanawake walikuja kukagua watu wao. Mke wa mhunzi alimtazama mumewe muda mrefu.

“Masikio hayo madogo,” alisema.

“Nimemwonea huruma.”

“Usimwonee. Yaongeze. Atarudi kutoka Siberia asijitambue.”

Wakacheka wote mle chumbani, halafu mmoja akaanza kulia, na kilio kikawapitia wengine kama chafya.

Kona moja tu ya kitambaa, ya chini kulia, ilibaki tupu mwezi hadi mwezi. Tena Hilary hakuwemo popote.

“Na wako, mama?” mgeni aliyetoka kijiji cha mbali aliuliza siku moja, asiyejua.

“Wangu yuko Ufaransa. Alivuka mpaka.”

“Ufaransa hakuna wino? Mbona haandiki?”

Mke wa mhunzi alimkanyaga mgeni mguu chini ya meza, na Petronela akaona. Ndilo lililomchoma zaidi ya swali lenyewe. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulikuwa ukimsaidia kudanganya.

Ilikuwa hivi. Septemba ya mwaka uleule wa sitini na tatu, askari walileta maiti tatu kutoka msituni, wakazilaza kwenye mbao mbele ya ofisi ya mji. Kengele ikapigwa, watu wote wakatoka. Ndiyo ilikuwa desturi yao: maiti hulazwa hadharani, na anayelia anaandikwa. Ukimkiri mwanao, nyumba inachukuliwa, ng'ombe anachukuliwa, na waliobaki nyumbani kwako wanahesabiwa kuwa ni wa ukoo wa waasi. Wengine walipelekwa mbali kwa kosa la kulia tu. Kwa hiyo tulijifunza kutazama watoto wetu kwa macho makavu, na yeyote anayetuona tuna mioyo migumu kwa hilo, Mungu amjalie asijaribiwe.

Wawili wa kwanza walikuwa wageni. Wa tatu alikuwa amekatwa uso kwa upanga, hatambuliki. Lakini shati lake lilikuwa na kola, na kwenye kola, upande wa ndani unaogusa shingo, palikuwa na ua dogo la buluu lililotariziwa, ua la mmea wa kitani.

Petronela ndiye aliyelishona. Kamanda wa msituni alikuwa ameagiza shati zisiwe na alama yoyote, na Hilary alimkumbusha mama yake mara mbili. Lakini mtu aliyetarizi miaka thelathini hawezi kumpa mwanawe kola tupu, mkono unakataa. Alisema moyoni, nitaliweka kwa ndani, nani atageuza kola? Askari wakaigeuza.

Kapteni, aliyekuwa na mafua na hasira za mafua, aliuliza ni nani mtarizi wa mji huu. Macho ya watu ni wasaliti, yakaenda yenyewe kwa Petronela. Akasukumwa mbele. Alikuwa amemshika Marcjanna mkono, na Marcjanna alikuwa na miaka kumi na sita.

“Kazi ya nani hii?” kapteni aliuliza.

Petronela aliinama. Aliona ua, akaona kidevu ambacho upanga haukukifikia, na nywele chache za ndevu ambazo Hilary alijivunia kuliko zilivyostahili. Mkono wa Marcjanna ulikuwa baridi kama samaki.

“Si yangu,” alisema. “Kazi mbaya. Mwanamke yeyote anaweza kushona hivi.”

“Na mtu huyu?”

“Simjui.”

Alilisema kwa sauti ya kawaida, na sauti ile ya kawaida ndiyo aliyoisikia kila asubuhi tangu siku hiyo.

Kapteni akasema, kama hana mwenyewe, atatupwa shimoni kwenye chokaa pamoja na wale wawili. Hapo umati ukafunguka, akatokea Balbina Gajda, mjane aliyekuwa akifua nguo za watu kule mtoni. Balbina alikuwa na mwana mmoja tu, Ksawery, aliyeingia msituni siku moja na Hilary na hakuna aliyejua aliko.

“Ni wangu,” alisema Balbina. “Ksawery. Ua nimeshona mimi.”

Sasa, hakuna mtu wa Zawilcze asiyejua kwamba Balbina hakuweza hata kushona kifungo. Aliwahi kumshonea marehemu mumewe suruali akaziba mfuko, na marehemu akatembea nayo hivyohivyo mpaka alipokufa, kwa amani ya nyumba. Alinyoosha mbele ya kapteni mikono yake iliyovimba na kupasuka kwa sabuni na maji baridi, na kapteni, asiyejua lolote kuhusu mikono ya wanawake, akaandika jina. Hakuna aliyecheka wala kukohoa.

Balbina alimzika kijana yule kwa jina la Ksawery Gajda. Nyumba yake ya mtoni ikachukuliwa, na mbuzi wawili, na pipa la kufulia. Padri Onufry akampa kijumba kilicho chini ya mnara wa kengele, akawa anafagia kanisa. Mwezi uliofuata ndipo ilipotoka ile amri ya nguo nyeusi: mwanamke haruhusiwi kuvaa nyeusi isipokuwa kwa mzazi, mume au mtoto aliyethibitishwa amekufa, tena kwa kibali cha ofisi, mwaka mmoja. Balbina alikuwa na uthibitisho. Akapewa kibali. Mwaka mzima alipita barabarani amevaa nyeusi kwa ajili ya mwana wa Petronela, akisimamishwa na askari na kutoa karatasi kifuani, na Petronela alipita upande wa pili amevaa gauni la kahawia.

Mwaka ulipokwisha, Balbina alifumua gauni lake kama wengine. Alileta nyuzi Alhamisi moja, ameziviringisha ovyo mpaka zimefanya fundo.

“Ziweke,” alisema.

“Nizishone wapi?”

“Nitakuambia.”

Tangu hapo alikuja kila Alhamisi. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, akamenya viazi vya Petronela bila kuombwa, akiacha maganda mazito kiasi cha kumlisha nguruwe. Walizungumza juu ya bei ya samaki wa chumvi, juu ya mapafu ya Padri, juu ya mchumba wa Marcjanna, fundi wa hatamu kutoka Krakow, ng'ambo ya mpaka kwa Mwaustria. Balbina alimpenda yule mchumba kwa sababu alikula supu bila kusifu.

“Mwanamume anayesifu supu ana jambo anaficha,” alisema.

Juu ya kaburi hawakusema neno. Petronela alitaka kusema. Kila Alhamisi alipanga maneno yake kabla Balbina hajafika, na kila Alhamisi, Balbina alipoketi, akamwuliza habari za Padri. Kusema “asante” kungekuwa kukiri. Kukiri kungekuwa kusikika, na kuta za Zawilcze zilikuwa nyembamba, na Marcjanna alikuwa bado nyumbani. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Marcjanna aliolewa vuli ya mwaka wa sitini na tano, akavuka mpaka na mumewe, akawa salama. Petronela akabaki bila sababu, na bado hakusema.

Februari iliyofuata, wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, Balbina hakuja Alhamisi. Petronela alichukua bakuli la supu ya shayiri, akalifunika kwa shali, akaenda mnarani. Alimkuta amelala, pumzi inamlia kama mlango unaohitaji mafuta.

“Umechelewa,” alisema Balbina. “Viazi umemenya mwenyewe?”

“Nimemenya.”

“Basi leo una viazi vingi. Keti.” Alingoja pumzi irudi. “Una kona tupu kule kwenye kitambaa.”

“Sijapata cha kuweka.”

“Mwongo we.”

Petronela akakaa pembeni ya kitanda na bakuli mapajani.

“Nyuzi zangu bado unazo?”

“Ninazo.”

“Zinatosha watu wawili. Ksawery mweke kwenye wale wanaotembea. Mimi sikumwona akifa, na sitaki mtu anizikie mtoto ambaye sikumwona akifa. Mpe kofia, masikio yake hushika baridi upesi. Na yule mwingine mweke konani, kaburini, na kola yake.”

“Nikiweka kola atajulikana.”

“Na nani? Na Yesu? Huyo amemjua siku nyingi.”

Petronela aliitazama supu. Utando ulikuwa umeanza kushika juu. Aliuliza bila kuinua uso, “Kwa nini ulifanya vile, Balbina?”

“Ulikuwa umemshika Marcjanna mkono. Mimi mikono yangu ilikuwa mitupu.” Balbina alifumba macho. “Sikukasirika uliposema humjui. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo, tena mapema zaidi. Lakini nilikungoja. Si asante, asante ningeifanyia nini? Nilitaka uje siku moja uketi kama ulivyoketi hivi, useme mwenyewe kwa kinywa chako: Balbina, yule ni Hilary wangu. Basi. Nimemlilia mwaka mzima kwa kibali cha serikali, kwa jina la uongo. Nilitaka nisikie mara moja tu kwamba nilimlilia mtoto wa mtu.”

Akangoja. Petronela alifungua mdomo. Nje, mtu alikuwa akivunja barafu kwenye ndoo ya kisima. Ilikuwa sentensi fupi, na mnarani hapakuwa na mtu mwingine wala sikio, lakini ulimi wake ulikuwa umezoea kusema simjui, ukaganda.

“Kula supu,” alisema. “Inapoa.”

Balbina akala vijiko vitatu ili asimwaibishe. Alikufa Jumamosi asubuhi.

Ninasimulia haya bila kumhukumu Petronela, na bila kumtetea. Alijihukumu mwenyewe vya kutosha. Alirudi kutoka kwenye maziko, akafunga mlango, akafungua fundo la nyuzi za Balbina. Lilimchukua asubuhi nzima kulifungua, akilitukana kwa upole kama alivyozoea kumtukana Balbina mwenyewe. Kisha akashona. Ksawery akamtia barabarani, nyuma ya mhunzi mwenye masikio, akampa kofia ya manyoya iliyoshuka hadi shingoni. Konani akashona kaburi, na ndani ya kaburi kijana amelala chali, uso wake ameuacha kitani kitupu kwa sababu hakuweza kuukata tena, wala hakuweza kuuponya. Pembeni akaweka wanawake wawili. Mmoja amevaa nyeusi na mikono mikubwa kupita kiasi. Wa pili alimshona kwa uzi wa kahawia, amesimama nyuma, amegeuka upande.

Mwisho kabisa akatia uzi wa buluu kwenye sindano na kushona ua kwenye kola, dogo kuliko punje ya mtama. Kitambaa kizima kilikuwa cheusi na cheupe na kile kipande cha kahawia. Buluu ilikuwa hapo tu.

Alimpelekea Padri Onufry pazia limekunjwa, zambarau kwa nje. Padri alilipokea kwa mikono miwili, akalishika muda kidogo, na hakutazama bitana, lakini kidole gumba chake kilipita kwenye mshono wa chini kulia, kikasimama.

“Ninaona unakwenda mahali, Bibi Petronela,” alisema. “Umevaa viatu vya Jumapili.”

“Naenda ofisini.”

Ofisi ya mji ilikuwa na jiko lenye moshi na karani mmoja, mtu wa kwetu aliyeimba besi kanisani na aliyeitumikia serikali kwa sababu ana watoto sita. Alipomwona Petronela akaondoa faili kwenye kiti.

“Pole kwa Balbina,” alisema. “Najua mlikuwa kama ndugu. Lakini kibali cha nyeusi hakitolewi kwa jirani. Ni mzazi, mume au mtoto.”

“Sikuja kwa ajili ya Balbina.”

“Kwa ajili ya nani?”

“Mwanangu.”

Karani aliweka kalamu chini. Akaenda akafunga mlango, akarudi, akazungumza kwa kunong'ona.

“Mwanao yuko Ufaransa, mama. Mji mzima unajua yuko Ufaransa. Nenda nyumbani. Mimi sijasikia kitu.”

“Keti uandike.”

“Watachukua nyumba.”

“Waichukue. Kijumba cha mnarani kiko wazi.”

“Watakuuliza kwa nini ulidanganya mbele ya kapteni.”

“Nitawaambia niliogopa. Hilo watalielewa, ndilo walilolitaka. Andika.”

Karani akaketi. Alichovya kalamu, akaifuta, akaichovya tena. “Amefariki lini?”

“Septemba ya sitini na tatu.”

“Wapi?”

“Msituni sijui wapi. Lakini alilazwa kwenye mbao, hapo mbele ya dirisha lako. Ulikuwepo.”

“Nilikuwepo,” alisema karani. Akainama juu ya karatasi, akaandika. “Kaburi limeandikwa Ksawery Gajda.”

“Ksawery anatembea. Yule ni wangu.”

Alimaliza kuandika, akamwaga mchanga kidogo juu ya wino ili ukauke, akaupuliza. Alimsogezea karatasi aweke alama yake. Petronela hakujua kusoma. Aliitazama mistari ile myembamba, iliyonyooka, akaisukuma kurudi kwake.

“Nisomee kwanza.”

Karani akakohoa, akasoma kwa sauti ya chini. “Petronela Skiba, mjane, mkazi wa Zawilcze, anaomba ruhusa ya kuvaa nguo nyeusi kwa ajili ya mwanawe, Hilary Skiba, seremala, mwenye miaka kumi na tisa.”

Petronela alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtoka bila kelele, na hakuyafuta, kwa kuwa hapo hapakuwa na mtu wa kumficha machozi tena.

“Soma tena,” alisema. “Kwa sauti.”